Mapambo katika Nyumba Inayouzwa

Nyumba hupambwa kwa sababu mbili ambazo aghalabu hazikutani. Ya kwanza ni furaha ya waliomo. Ya pili ni jicho la mnunuzi. Sababu hizi zikikutana chini ya paa moja katika mwezi wa Desemba, mzozo hauna budi kuzuka, na katika nyumba moja ya Pasiansi, mjini Mwanza, ulizuka.

Pasiansi iko kaskazini ya mji, katika wilaya ya Ilemela, upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege. Wageni wengi hulijua jina lake kwa sababu ya chuo cha askari wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka wa 1966. Wenyeji huijua zaidi kwa mawe. Nyumba zimepandishwa juu ya miamba na kupachikwa katikati yake, hata pengine jiwe moja huwa ukuta wa nyuma wa jirani huyu na uanda wa kuanikia nguo wa jirani yule. Mvua za vuli zishukapo, maji huteremka juu ya mawe hayo na kuitafuta misingi.

Nyumba isemwayo hapa ilijengwa kidogo kidogo, kama zijengwavyo nyumba nyingi za watu wa mishahara: msingi mwaka huu, kuta baada ya miaka miwili, mabati baadaye, dari mwisho wa yote. Mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali. Amestaafu, anaumwa, na matibabu yake hayana mwisho wa karibu. Hapakuwa na mali nyingine iwezayo kuzaa fedha nyingi kwa mara moja. Mkewe alikubali iuzwe. Kukubali kwake hakukuwa adabu tupu, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Alitia sahihi kwa mkono uliotulia, akauliza neno moja tu: je, nyumba itakuwa yao mpaka Krismasi ipite?

Msomaji aliyetembea katika miji ya Tanzania ameyaona maandishi yale makubwa ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Huandikwa kwa hofu ya matapeli, ambao huweza kuuza nyumba ya mtu hali yuko safarini, na pengine kwa sababu ya ndugu wagombeao urithi. Ni ajabu kidogo kwamba nyumba isiyouzwa ndiyo ipigayo kelele, na ile iuzwayo kweli mara nyingi hunyamaza, habari zake zikipita midomoni mwa madalali. Kuuza nyumba ya kukaa huhesabiwa na wengi kuwa jirani wa msiba. Nyumba ile haikuandikwa neno.

Dalali alikuja katika wiki ya pili ya Desemba, kijana mpole mwenye simu mbili. Alimkuta mama juu ya kiti, misumari midomoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Subiri niteremke.”

Alitazama kila chumba, kisha akatoa shauri lake. Mapambo si vibaya, alisema, lakini yawe machache, na picha za watoto zishuke ukutani, ili mnunuzi akiingia ajione yeye mwenyewe ndani ya nyumba, asiwaone wengine. Shauri hili si lake peke yake. Madalali wa Uingereza na Marekani huwapa wateja wao maneno yayo hayo kila mwisho wa mwaka. Lina akili ndani yake, na ukatili kidogo pia: humtaka mwenye nyumba ahame kwa moyo kabla hajahama kwa miguu.

Inafaa kusema kwamba mapambo ya Krismasi katika pwani hii ya Ziwa si urithi wa kale sana. Mapadre Weupe walifungua kituo chao cha Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka wa 1883. Mti wenyewe ulikuwa desturi ya Wajerumani. Waingereza wengi waliuiga baada ya gazeti moja la London kuchapa, mwaka wa 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa zake wameuzunguka. Miaka 10 baadaye John Hanning Speke akafika Mwanza na kulipa ziwa jina la malkia huyohuyo. Lakini desturi ikishapokewa hupata wenyewe. Mama huyu hakuwa na habari ya malkia. Alikuwa na tawi la msonobari ndani ya ndoo ya mchanga, maputo, karatasi za rangi zilizounganishwa kama mnyororo, taa ndogo za kumetameta, na maua mekundu ya mkrismasi, mti uliotoka Bukini ambao huchanua kwetu Desemba kana kwamba una kalenda. Juu ya vyote alikuwa na kitambaa kikubwa alichokifuma kwa mkono wake, ambacho kila mwaka hutundikwa katika ukuta uleule wa sebule.

Katika ukuta huo mlikuwa na ufa. Ulianzia pembe ya dirisha ukapanda mpaka darini, kazi ya maji ya mvua chini ya msingi. Dalali aliuona, akautazama ukuta, akakitazama kitambaa, akafurahi.

“Mama, hiki ndicho cha kutundika. Hapa hapa.”

“Ndipo pake siku zote,” alisema mama.

Mzee, aliyekuwa amelala kitini na kudhaniwa amesinzia, alifungua macho. “Miaka yote kilikuwa pambo,” alisema. “Mwaka huu kikikaa hapo kitakuwa kinasema uongo.”

Shida ni kwamba wote wawili walisema kweli. Kitambaa kilikuwapo ukutani kabla ya ufa; haikuwa haki kukifukuza kwa kosa la mvua. Walakini kitu kikiwa kilekile, mahali palepale, chaweza kubadilika kwa sababu ya mtu atakayekitazama. Anayekula Krismasi chini yake hadanganywi, maana aujua ufa. Anayekuja na fedha mkononi hudanganywa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini aliyesema hivyo hakupata kuuza nyumba. Nyumba njema haijiuzi. Mnunuzi hutazama rangi, huhesabu vyumba, huuliza habari ya maji, na msingi hausemi. Tena sheria ya Tanzania huiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kuwa mdhamini wa wananchi, hivyo kinachopita kwa mnunuzi si udongo, bali haki ya kuukalia pamoja na kilichojengwa juu yake. Ukificha ufa wa ukuta umeficha sehemu ya kitu chenyewe kinachouzwa.

Walipatana hivi: kitambaa kitatundikwa, picha zitabaki, na kila ajapo mnunuzi mzee atakifunua kitambaa kwa mkongojo wake kabla bei haijatajwa. Dalali aliomba Mungu amsaidie.

Wanunuzi wawili wa kwanza waliufuata ufa kwa macho, wakaondoka. Wa tatu alikuja tarehe 23 na mkewe. Mkongojo uliinuka, kitambaa kikasogea, na yule mke kijana akatia kidole katika ufa akapima kina chake. Mumewe alipunguza bei kwa kiasi ambacho kingenunua dawa za miezi miwili. Mzee alikubali. Mama hakusema kitu mpaka wageni walipotoka nje kuyatazama mawe.

“Baba, ufa huu umetugharimu kuliko mabati.”

“Ndiyo, Mama.”

Alikirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha, akaenda jikoni. Hakumlaumu tena, wala hakumsifu. Na ingekuwa rahisi kumsifu kwa mtu asiyekuwa na dawa za kununua.

Ilibaki habari ya siku ya kuhama. Mnunuzi alitaka kuingia tarehe 2 Januari, kwa kuwa kodi ya pango alikopanga ilikuwa inakwisha. Mzee alikuwa tayari. Mama alikataa. Watoto watakuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam, alisema, na mapambo ya nyumba yake hushuka siku ya Epifania, tarehe 6, hayajapata kushuka kabla. Dalali alicheka akidhani ni mzaha, akatazama huku na huku, akaona hacheki mwingine. Yule mke kijana alimwambia mumewe kwamba siku nne si nyingi. Tarehe 7 iliandikwa katika mkataba, na wote wakatia sahihi.