Tulirudi Santorini tukiwa watatu

Juni 2019, wiki mbili baada ya harusi, mimi na mume wangu tulikwenda fungate Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe zilizopangana ukingoni mwa jabali. Yeye alikuwa anamalizia masomo Athens, kwa hiyo ilikuwa safari ya feri tu kutoka bandari ya Piraeus, mwendo wa saa nane hivi kwa ile ya bei nafuu. Miaka sita nimekaa na kisiwa hicho kichwani. Tukinuniana nyumbani, nilikuwa nakumbuka tulivyopanda ngazi 588 kutoka bandari ya zamani hadi mji wa Fira, tukicheka na kupishana na punda.

Tulirudi Juni 2025. Alikuwa na mkutano wa siku tatu Athens, tukachanganya na akiba yetu tukaenda wote, pamoja na binti yetu wa miaka mitatu. Ndugu zangu waliniuliza kama nina akili timamu. Miezi michache nyuma, kuanzia mwishoni mwa Januari, matetemeko ya ardhi yalifuatana kwa maelfu chini ya bahari kati ya Santorini na kisiwa cha Amorgos. Shule zilifungwa, na watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kwa feri na ndege. Kisiwa chenyewe ni mabaki ya volkano iliyolipuka miaka kama 3,600 iliyopita. Ile bahari nzuri inayopigwa picha ndiyo imejaa kwenye shimo lake. Tulipofika ardhi ilikuwa imetulia na wenyeji wamerudi.

Ila nikiri, mimi sikufuata mandhari. Nilikwenda kumtafuta mume wangu wa 2019, yule aliyekuwa anaongea na mimi hadi usiku wa manane. Tangu tupate mtoto, maongezi yetu ni ada, chanjo, na nani atawahi nyumbani dada aondoke.

Pigo la kwanza lilikuja kabla hatujasafiri. Niliandikia nyumba ileile tuliyofikia wakati wa fungate, nikajibiwa kwa adabu kwamba hawapokei watoto. Kumbe hoteli nyingi za pale ukingoni ni za watu wazima tu. Niliumia, lakini nilipofika nikaelewa. Ngazi ni nyembamba, kuta zinafika kiunoni, na chini yake ni mteremko hadi baharini, mahali pengine mita mia mbili na zaidi. Kigari cha mtoto hakina kazi pale. Kanga yangu ndiyo iliyonisaidia.

Tukapanga chumba Perissa, upande wa pili wa kisiwa, kwa mama mmoja mtu mzima. Ufukwe wake una mchanga mweusi uliotokana na volkano, na mchana unaunguza kama kikaango. Mtoto asikanyage bila viatu.

Siku ya pili mwanetu alicheza juani tangu saa nne asubuhi. Jioni akaanza kutapika. Mimi ndiye ninayewaandikia kila mara kuhusu ORS, na kwenye begi langu kulikuwa na rangi ya kucha za aina mbili, pakiti ya ORS hata moja hakuna. Mume wangu hakunilaumu, na hilo likaniudhi zaidi. Alitoka kutafuta msalaba wa kijani, ambao ndio alama ya maduka ya dawa Ugiriki. Usiku hufungua kwa zamu, na karatasi ya zamu hubandikwa mlangoni. Alirudi anahema, na pakiti mkononi. Tulimnywesha kijiko kimoja kimoja, tukisubiri dakika chache kila akitapika, kisha tunaanza tena. Angelegea au kushindwa kabisa kunywa tungepiga 112, namba ya dharura ya nchi za Umoja wa Ulaya. Karibu na alfajiri akakojoa. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Siku ya nne alikuwa mzima, anakimbiza paka. Yule mama akatuambia kwa Kiingereza chake cha maneno machache: nendeni Oia mkaone jua, mtoto abaki na wajukuu zangu. Najua kuna mzazi hapa anatikisa kichwa. Mume wangu naye alitikisa. Tulibishana kwa sauti ya chini, kama tunavyobishana nyumbani mtoto akilala, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba simu yangu iwe na chaji.

Tulipanda basi hadi Fira, tukabadilisha, tukafika Oia. Watu walikuwa wamejazana kwenye magofu ya ngome, kila mmoja simu juu. Mwezi Juni jua la kule huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, jambo ambalo mama yangu bado haamini. Tulipata pa kukaa juu ya ukuta, karibu na pale tulipokaa mwaka ule.

"Unakumbuka?" nikamuuliza.

Akakaa kimya kidogo. "Nakumbuka nilikuwa nahesabu hela."

Akanieleza. Fungate yetu aliikopea kwa marafiki wawili. Kila nilipoagiza chakula alikuwa anapiga hesabu kichwani. Zile usiku tulizokesha tunaongea, yeye alikuwa amekosa usingizi. Deni lilikwisha 2021.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Nikasema nitakuambia kesho."

Nilitaka kukasirika, na kwa dakika kadhaa nilikasirika kweli. Miaka sita nilikuwa namlinganisha na mtu aliyekuwa na hofu. "Na safari hii?" nikauliza. Akasema hii imelipwa yote, na usiku aliokosa usingizi alikuwa anajua sababu. Akanicheka kuhusu rangi ya kucha. Tuliongea hadi nikasikia watu wanapiga makofi, maana ni desturi pale jua likishazama. Sikuliona likizama.

Kwenye basi alilala begani kwangu. Tulipofika Perissa, binti yetu alikuwa mezani na wale wajukuu, uso umejaa fava, ule uji mzito wa mbegu za njano zinazofanana na dengu. Alikataa kuja kwetu. Mume wangu akavuta kiti, akaomba kijiko. Nikamuuliza hao marafiki wawili ni akina nani. Mmoja simfahamu. Wa pili ni msimamizi wetu wa ndoa, ambaye kila akija nyumbani nilikuwa namtolea albamu ya picha za Santorini.