Mzee na Neno Lake

Wahenga walisema kuwa penye wazee haliharibiki jambo. Tumezoea kuifasiri methali hii kwa faida waipatayo vijana. Lakini mzee aliyeitwa ili jambo lisiharibike naye hufaidika, kwani moyo wake hutambua kwamba ungali unahitajika.

Katika jamii zetu za jadi mzee alibadilishiwa kazi tu. Jembe alimwachia kijana, naye akashika usuluhishi wa magomvi, mashauri ya posa, mafunzo ya jando na unyago, na usimulizi wa hadithi. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kuwa mzee aliyeonekana kustarehe alikuwa amekwisha kuitumikia jamii ujanani mwake. Starehe hiyo ilikuwa haki yake. Wala haikumnyima neno barazani.

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, wanawe walimtoa Rufiji wakamleta Dar es Salaam. Hakukosa chakula wala mavazi. Kila aliposhika ufagio aliambiwa, "Mama, wewe pumzika." Baada ya miezi michache alianza kukataa chakula, usiku hakulala, na mchana aliutazama ukuta. Daktari alimpima asione ugonjwa wa mwili. Alisema kuwa ni sonona, na kwamba pamoja na matibabu mama huyu alihitaji watu na shughuli.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, alinunua ukindu sokoni akamwomba bibi amfundishe kusuka ukili. Siku za kwanza shangazi alisuka kimya. Kisha akaanza kukaripia: "Mbona umelegeza? Mkeka huu atakalia nani?" Nyumba nzima ilifurahia karipio lile. Hakupona kwa siku moja, lakini mkeka ulipokamilika alikuwa anakula vizuri, na majirani wawili walikuwa wamekwisha kuagiza mikeka yao.

Taifa halikuwasahau wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua hizo ni njema, kwani ufukara nao huutesa moyo. Hata hivyo, kumketisha mzee na kumwomba shauri ni wajibu wa nyumba zetu na shule zetu.

Basi, ndugu mwalimu, watume wanafunzi wako wakakusanye methali, majina ya miti na historia ya vijiji kutoka vinywani mwa wazee. Kisha waalike wazee hao waje kusikiliza na kusahihisha yaliyoandikwa. Nawe mwanafunzi, usimwamkie babu ukapita mbio. Shikamoo ni hodi. Ukishakaribishwa, ingia, keti, uliza, nawe usikilize mpaka mwisho.