Kilima cha Hainberg, Palipoandikwa Mitikisiko ya Dunia

Mji wa Göttingen uko katikati ya Ujerumani, mbali na bahari na mbali zaidi na nchi zinazosifika kwa zilzala. Msafiri anayeshuka hapo kwa treni huuona kwanza kuwa ni mji wa wanafunzi, kwani chuo kikuu chake kilizinduliwa tangu mwaka 1737. Lakini anayetoka mjini na kupanda upande wa mashariki hufika kwenye kilima chenye miti kiitwacho Hainberg. Juu ya kilima hicho kipo kituo ambacho kwa zaidi ya miaka 100 vyombo vyake vimekuwa vikiandika mitikisiko ya ardhi kutoka kila pembe ya dunia.

Mwanzilishi wake ni Emil Wiechert, ambaye mwaka 1898 alikabidhiwa uprofesa wa jiofizikia unaohesabiwa kuwa wa kwanza duniani. Chombo chake mashuhuri zaidi, kilichojengwa mwaka 1904, ni sismografu yenye mzigo wa tani 17 ulioning'inizwa. Hekima yake ni nyepesi kueleweka. Ardhi inapotikisika, kuta na nguzo husogea pamoja nayo, ila mzigo mzito unaoning'inia huchelewa kufuata. Tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo kuliko unene wa unywele, hupitishwa kwenye nyenzo nyepesi zinazoikuza takriban mara 2,000, kisha sindano nyembamba huichora kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ndiyo kiini cha makala haya. Kalamu ya wino ingekwama na kuuzuia mwendo mdogo usionekane. Kwa hiyo wataalamu wa zama zile walitumia masizi. Karatasi nyeupe ilipitishwa juu ya ndimi za moto wenye moshi mzito mpaka ikawa nyeusi, kisha ikavishwa kwenye pipa dogo linalozungushwa kwa mtambo wa saa. Sindano ilipopita iliondoa masizi na kuacha mstari mweupe, na kwa vipindi maalumu saa iliweka alama ya wakati. Karatasi ilipojaa ilipakwa vanishi ili masizi yasifutike, ikaandikwa tarehe, ikahifadhiwa.

Kwa njia hiyo mji huu mtulivu uliandika tetemeko lililoiangamiza San Francisco, nchini Marekani, tarehe 18 Aprili 1906. Aidha, mwanafunzi wa Wiechert, Beno Gutenberg, alizichunguza nyakati za kufika kwa mawimbi ya matetemeko ya mbali, akakadiria kwamba kiini cha dunia huanzia kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi. Hakuna aliyefika huko kwa kuchimba, wala hakuna atakayefika. Habari hiyo ilipatikana katika mistari myeupe juu ya masizi.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ilitikisika vibaya katika eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika, nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Lilikuwa miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kupimwa barani Afrika, na vituo vya Ulaya vililiandika. Wakati huo kipimo cha Richter hakikuwapo. Kilikuja mwaka 1935. Basi ukubwa tunaousoma leo, takriban 7.4, tumeupata kwa sababu watafiti wa baadaye walirudi kwenye rekodi na taarifa za vituo vya zamani, wakazipima upya kwa elimu mpya.

Hapo ndipo thamani ya karatasi hizi inapodhihirika. Tetemeko la 1910 halitarudi ili lipimwe kwa vyombo vya kisasa. Mhandisi anayetaka kujua shule au hospitali ya Sumbawanga ijengwe kwa uimara gani hana budi kujua ardhi ile iliwahi kufanya nini. Matetemeko makubwa ya mahali pamoja huweza kupishana kwa vizazi vingi, ilhali umri wa vyombo vya kuyaandika ni kama miaka 130 tu. Ukipotea ushahidi wa mwanzo, umepotea moja kwa moja.

Nazo karatasi zinapotea. Vanishi huzeeka, karatasi hukauka na kuvunjika kwenye mikunjo, unyevu huleta ukungu, na kila mkono unaozigusa huacha athari. Mara nyingine kituo hufungwa, stoo ikahitajiwa kwa kazi nyingine, na maboksi yasiyo na mtetezi yakaishia jalalani. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 ulifanyika mradi wa kimataifa wa kuzipiga picha rekodi nyingi kwenye filamu ndogo. Baadaye Taasisi ya Taifa ya Jiofizikia na Volkano ya Italia, mjini Roma, ilianzisha mradi uitwao SISMOS wa kuzinakili kwa skana zenye uwezo mkubwa, ili mstari mwembamba ugeuzwe kuwa namba ambazo kompyuta inaweza kuzichambua.

Hata hivyo, kunakili mstari peke yake hakutoshi. Mtafiti lazima ajue saa ya kituo ilikuwa imekosea kwa sekunde ngapi siku ile, chombo kilikuza mara ngapi, na kama sindano ikipanda ina maana ya kaskazini au kusini. Mambo hayo yamo katika madaftari ya kituo, nayo yasiponakiliwa pamoja na karatasi, picha hubaki bubu. Sisi Waislamu tunalielewa jambo hili vyema. Wanazuoni wa Hadithi hawakuridhika na matini pekee. Waliuliza imepokewa na nani, kutoka kwa nani. Hatulinganishi utukufu wa elimu hizo mbili, bali tunaona kanuni moja ya uaminifu: habari huthibiti kwa kujulikana njia iliyopitia. Nasi tunapopiga picha kwa simu barua na hati za mababu zetu, tuandike pia nani aliandika, kwa nani na lini, la sivyo wajukuu watarithi picha wasizoweza kuzisoma.

Chuo kikuu kilipohamisha idara yake kutoka Hainberg, wapenzi wa elimu waliunda jumuiya, wakachukua dhamana ya kituo. Mpaka leo huonyesha wageni mzigo wa tani 17 ukiwa kazini, na karatasi bado hupakwa masizi kama enzi za Wiechert. Wangeweza kuvigeuza vyombo kuwa mapambo ya makumbusho. Lakini anayetaka kuisoma kwa uhakika rekodi ya mwaka 1910 anahitaji kujua chombo cha namna ile hutembea vipi, na hapo Hainberg anaweza kukiona kikitembea.