Yai, kijiko na farasi

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki mbili, mniwie radhi. Nilikuwa Arusha kikazi, na huko yamenikuta makubwa: nimepanda farasi.

Wanaonifahamu wanajua mimi na wanyama wa kupandwa tuna ugomvi wa siku nyingi. Nikiwa darasa la nne, Kondoa, punda wa kubeba maji alinibwaga, nikavunjika mkono. Tangu siku hiyo hata punda aliyefungwa nampita kwa mbali. Sasa mhariri kanituma niandike makala kuhusu shule ya kupanda farasi, na mwalimu wa pale, dada mmoja mpole, akasema hajibu swali hata moja mpaka nipande. Nikapewa kofia ngumu na farasi mzee wa rangi ya kahawia, nikachanganywa na watoto sita wa miaka minane, tisa hivi.

Nilikaa juu ya tandiko kama gogo. Magoti nimebana, pumzi nimezuia, hatamu nimezivuta kama kamba ya kisimani. Nilitegemea nikaripiwe. Wapi! Dada akasema tunacheza.

Mchezo wa kwanza ni taa za barabarani. Akisema kijani, farasi watembee. Akisema nyekundu, wasimame. Ukipitiliza unarudi mwanzo. Nilirudi mara tatu, mpaka mtoto mmoja wa kike mwenye mapengo akanionea huruma: "Anko, usivute. Toa pumzi, ukae kwa uzito, halafu funga vidole." Nikafanya hivyo. Farasi akasimama.

Kisha likaja yai la kuchemsha. Hatamu mkono mmoja, kijiko chenye yai mkono wa pili, uzunguke pipa urudi. Nililikodolea macho lile yai. Magoti yakalegea yenyewe, mgongo ukafuata mwendo wa farasi. Nilipofika, yai likiwa salama, ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa naogopa.

Baadaye dada alinieleza. Farasi kwa asili ni mnyama anayewindwa. Ukikakamaa mgongoni kwake, anahisi kuna hatari. Kumwambia mwenye hofu "usiogope" hakusaidii kitu. Mpe akili yake kazi nyingine. Ila farasi awe mtulivu, na hakuna mbio mpaka mtoto ajue kusimamisha.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1957 kule Uingereza, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alianzisha mashindano ya michezo ya namna hii kwa watoto wa Pony Club, ili hata mwenye farasi wa kawaida, asiye wa bei mbaya, apate nafasi.

Ndani ya basi la kurudi Dar nilimfikiria mwalimu wangu wa hesabu, aliyetufundisha tebo fimbo ikiwa mkononi. Tebo nazijua. Lakini mpaka leo, na digrii yangu, nikiona tarakimu za bajeti nakuwa tumbo joto, na habari za uchumi nawaachia wenzangu. Hofu nayo alinifundisha, kwa bidii ile ile.

Nimemwomba mhariri anipange Dodoma mwezi Juni, bajeti itakaposomwa. Magoti yanatetemeka, lakini nimeshaomba.

Na wewe je, ulipokuwa unafundishwa, ulifundishwa kuogopa nini?