Pikipiki ni yako, ufunguo uko kwa nani?

Najua nimekuwa kimya, kazi za watu zilinibana... Leo nataka tuongee kuhusu pikipiki za umeme, maana hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe kila mtu akijua kwamba mimi naandika programu ananiuliza mambo yale yale. Zinaenda kilomita ngapi? Zikibeba watu wawili zinapanda mlima? Mvua ya Mei ikijaza maji barabarani, hazitatupiga shoti?

Ni maswali mazuri, na majibu yake unayapata kwa kupanda moja ukaizungusha mpaka Kongowea na kurudi. Lakini kuna swali ambalo sijaulizwa hata mara moja, nalo ndilo linalonikosesha usingizi: pikipiki hiyo ikiwa imeegeshwa mlangoni kwako saa nane za usiku, ni nani anaweza kuizima?

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na umeme. Mota ya umeme ni kitu kizuri sana kwa mtu wa boda: hakuna kumwaga oili, hakuna plagi, hakuna kabureta ya kusafisha kila Jumapili. Na stima yetu Kenya sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hiyo ukisema unapunguza moshi husemi uongo. Halafu bei. Pikipiki za umeme zilizinduliwa hapa Mombasa mwanzoni mwa Septemba 2023, na kabla mwezi haujaisha petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Tangazo la biashara zuri kuliko hilo utalipata wapi!

Ili mnielewe ninachokiogopa, tuanze na kitu tunachokijua sote: gari la mtumba kutoka Japani.

Linashuka bandarini Kilindini likiwa halijazidi miaka 8 (ndivyo Kenya inavyotaka), unalinunua kwenye yadi, unaliwasha, na mwanamke asiyeonekana anakusemesha Kijapani. Wengi hudhani anawakaribisha. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, ile kadi ya barabara kuu za kwao. Miaka inapita, mama yule anaendelea kudai kadi yake kila asubuhi pale Bombolulu. Redio nayo ina mambo yake: imetengenezewa masafa ya FM ya Japani yanayoanzia 76 na kuishia 95, na sisi stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo unanunua kile kidude cha kuhamisha masafa, fundi anakifunga nyuma ya dashibodi, mambo yanaendelea.

Lakini gari hilo, pamoja na ugeni wake wote, ni lako. Hakuna mtu aliyekaa Osaka anayeweza kubonyeza kitufe likazimika juu ya daraja la Nyali. Likigoma, fundi wa Kisauni analifungua, anakata waya huu na kuunga ule, linaondoka.

Magari mapya hayako hivyo tena. Mwaka 2022 BMW walianza, katika nchi kadhaa zikiwemo Korea Kusini na Uingereza, kutoza ada ya kila mwezi kwa kiti cha kupasha joto. Nyaya za joto zimo kitini tayari, umeshazinunua pamoja na gari. Unacholipia ni programu ikupe ruhusa. (Mtu wa Mombasa alipie kiti kimchome! Ingekuwa kiti cha barafu tungeongea.) Wateja wakapiga kelele na mwaka 2023 kampuni ikaachana na mpango huo.

Wenye BMW wamelalamika kuhusu kiti wakasikilizwa. Huku kwetu teknolojia hiyo hiyo iliingia mapema zaidi, tena hatukulalamika, kwa sababu ilikuja na mkopo.

Kabla ya hapo kulikuwa na tokeni za stima, na hapa naomba mnivumilie maana ni jambo ninalolipenda. Mita ya kawaida ya tokeni haina intaneti wala laini ya simu. Zile namba 20 unazobonyeza zimefumbwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na ndani yake mna idadi ya yuniti pamoja na wakati tokeni ilipotolewa. Wakati huo unahesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, kwenye nafasi ya biti 24. Biti 24 zinakupa dakika 16,777,216, kisha hesabu inajaa. Ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo Kenya Power waliwaomba wateja wabonyeze tokeni mbili za ziada ili mita zianze hesabu upya. Hapa mtaani watu walibonyeza namba 60 badala ya 20, wengine wakiapa kwamba wanaibiwa!

Ninachokipenda kwenye mfumo ule ni kwamba mita inatii hesabu uliyolipia, basi. Mitandao yote ilale, seva ziungue, wewe yuniti zako unazo mpaka ziishe.

Mwaka 2012 ikaja M-KOPA. Paneli ndogo ya jua, taa, redio, chaja ya simu. Unaweka kiasi cha kuanzia, kisha unalipa kidogo kila siku kwa M-Pesa. Ndani ya kile kisanduku mna laini ya simu. Usipolipa, taa hazikubali kuwaka hata kama jua limeijaza betri pomoni. Ukimaliza deni, kifaa kinakuwa chako. Mimi sisemi ni kitu kibaya, nyumba nyingi sana ziliachana na koroboi kwa njia hiyo, na hakuna benki ambayo ingewakopesha watu wale. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu inajifunga. Kutoka taa, kufuli likahamia simu. Sasa limefika kwenye pikipiki, yaani limefika kwenye unga wa nyumbani.

Jirani yangu ana Boxer ya petroli. Ilimchukua muda kuimaliza kulipa, lakini imekwisha, logibuku iko ndani ya sanduku la nguo za mkewe. Anatumia petroli ya kama shilingi 500 kwa siku na amepiga hesabu akaona umeme utamwachia zaidi ya nusu ya hiyo. Akaniuliza, "Kaka, wewe mtu wa kompyuta waonaje? Niiuze hii niingie kwenye stima?"

Nikamuuliza kama kwenye hiyo anayoitaka betri itakuwa yake. Akasema hapana, betri ni ya kampuni, yeye anabadilisha kituoni na kulipia chaji. Ndivyo zilivyo nyingi, Spiro wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Na sababu yake ni ya maana: betri ni sehemu ya gharama kubwa mno, ukiitoa kwenye bei pikipiki inanunulika, na kubadilisha ni dakika chache wakati kuchaji ni masaa. Zipo pia za aina nyingine, kwa mfano ile ya Roam wa Nairobi, ambayo betri yake unaweza kuichomoa ukaichaji kwenye soketi ya kawaida ndani ya nyumba. Lakini huko nako wengi hununua kwa mkopo, na penye mkopo wa siku hizi pana kufuli.

Naijua kufuli hiyo kwa sababu niliwahi kupewa kazi ya kuandika sehemu ya mfumo kama huo, kwa mteja ambaye sitamtaja. Kodi yenyewe ni nyepesi. Kila saa sita za usiku programu inapitia orodha ya vifaa, inaangalia nani ana salio, na asiye nalo kifaa chake kinatumiwa ujumbe wa kujifunga. Ni mchana mmoja wa kazi.

Kilichotuchukua wiki mbili ni swali moja: kifaa kikikosa mtandao, kifanye nini? Kibaki wazi au kijifunge? Watu wa fedha walitaka kijifunge papo hapo, na hoja yao ilikuwa ya kweli, kwamba mjanja atakizungushia karatasi ya foili ili kisipate mawimbi na ataendesha bure mpaka Malindi. Mimi nilitaka kibaki wazi kwa siku kadhaa, na mteja aweze kupewa namba za kufungulia kwa ujumbe mfupi, kama tokeni. Niliwakumbusha ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 ambapo stima ilipotea karibu nchi nzima kwa masaa mengi. Usiku kama ule, mtu aliyelipa deni lake vizuri afungiwe kwa sababu mnara wa simu umezimika?

Tukakubaliana siku 3. Sasa sikilizeni hapa: siku 3 hizo hazimo kwenye mkataba wa mteja. Zimo kwenye faili la mipangilio ndani ya seva. Mtu yeyote mwenye nenosiri anaweza kuibadilisha ile 3 iwe 0 Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi vijana wa steji watajua wakiwa barabarani.

Na mambo ya barabarani yapo. Mwendeshaji mmoja wa steji yetu alimshusha abiria Mtwapa, akasimama anywe maji, aliporudi pikipiki imekufa. Alikuwa amelipa asubuhi, ujumbe wa malipo anao kwenye simu, ila kwenye seva ya kampuni malipo hayajaonekana. Nambari ya huduma inaita tu. Aliisukuma kuelekea Shanzu jua la saa saba likimpiga utosini, na ilifunguka yenyewe alasiri, bila pole wala maelezo. Mapato ya nusu siku yalikwenda. Mimi nikisikia hadithi hiyo najua kabisa ni foleni ya ujumbe iliyokwama kwenye kompyuta fulani mahali fulani, tatizo dogo la programu. Kwake yeye hilo tatizo dogo ni chakula cha jioni.

Hilo ni la kampuni iliyo hai. Kampuni ikifa je? Israeli kulikuwa na Better Place, iliyoanzishwa mwaka 2007. Wateja walinunua gari la Renault la umeme, betri ikabaki mali ya kampuni, na unabadilisha kwenye vituo vyao. Walikusanya mamilioni ya dola ya wawekezaji, na Mei 2013 wakafilisika. Wenye magari wakabaki na magari yasiyo na mwenye vituo.

Msiseme Israeli ni mbali. Mwishoni mwa Januari 2026 KOKO Networks, wale wa majiko ya ethanoli, walisimamisha shughuli zao hapa Kenya baada ya kukosa idhini ya serikali waliyoihitaji ili kuuza hewa ya kaboni, mauzo ambayo ndiyo yaliyokuwa yakishusha bei ya mafuta yao. Zaidi ya nyumba milioni 1 zilikuwa na jiko lile. Mtungi wake ulijazwa kwenye mashine za kampuni zilizokuwa madukani. Jiko zima, halina hata mkwaruzo, lakini mashine ikizimwa limekuwa pambo. Jiko la makaa la mama yangu lilitengenezwa na fundi ambaye amekufa zamani, na bado linapika wali.

Jirani yangu sikumwambia asinunue. Petroli nayo ina mwenye ufunguo wake, kila tarehe 14 anatangaza bei mpya na wewe huulizwi. Nilichomwambia ni alete mkataba tuusome. Akauleta kwenye simu: kurasa 11, Kiingereza kitupu, herufi za sisimizi. Aliyempa hakumsomea hata mstari mmoja. Tukakaa barazani namtafsiria kipengele kwa kipengele mpaka adhana ya magharibi. Kuna ruhusa ya kampuni kufuatilia pikipiki ilipo, saa zote. Kuna ruhusa ya kuifunga "bila taarifa ya awali". Kuna faini ya kufunguliwa na fundi asiye wa kampuni. Siku ngapi inavumilia bila mtandao, hamna. Malipo yakichelewa kuonekana nani analipa hasara ya siku, hamna.

Na baada ya shilingi ya mwisho ya deni? Nilirudia kurasa zote mara mbili nikitafuta mahali pameandikwa kwamba kufuli litaondolewa. Sikupaona. Nimemwandikia swali hilo kwa Kiingereza chao, amelituma kwa barua pepe, na Boxer bado haijauzwa.