Babu, mjukuu na magari mawili ya zamani

Wiki mbili baada ya kustaafu, mzee mmoja mkazi wa Nairobi aliweka picha mbili za magari mezani wakati wa kiamshakinywa. Mkewe alizitazama, kisha akamtazama yeye, akaelewa kwamba kiinua mgongo kimeshapata wa kukila.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Datsun 240Z nyekundu ya mwaka wa 1972, inang'aa kana kwamba imetoka dukani jana. Ya pili ilikuwa ya Datsun 260Z ya 1975. Rangi yake ilikuwa imechujuka, magurudumu hayana upepo, na majani ya mparachichi yamejaa juu ya boneti. Bei ya ile nyekundu ingemeza kiinua mgongo karibu chote. Ile ya chini ya mparachichi ilikuwa theluthi moja tu ya bei hiyo.

"Baba Watoto," mkewe akasema, "mbona gari tunalo."

"Lile ni la kwenda sokoni," akajibu.

Mama huyo hakucheka. Amekuwa akimeza dawa za shinikizo la damu kwa miaka sita, na anajua bei yake kila mwezi. Lakini pia alijua gari hilo linatoka wapi.

Pasaka ya 1973 mumewe alikuwa na umri wa miaka kumi. Yeye na wenzake walisimama kando ya barabara ya vumbi tangu alfajiri wakingoja magari ya East African Safari Rally. Mwaka huo Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda wakiwa katika 240Z, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mtoto yule hakujua hesabu hizo. Alichoona ni boneti ndefu, vumbi, na mlio uliobaki masikioni hata gari lilipokwisha kupotea. Akakua, akaajiriwa serikalini, akaoa. Kwa miaka yote hiyo karo, kodi ya nyumba na hospitali vilitangulia, na gari likasubiri.

Magari hayo mawili ni ndugu. Yote yana injini ya silinda sita, la kwanza ya lita 2.4 na la pili lita 2.6. Tofauti kubwa ni kwamba 260Z aliyoipata ni ile iliyorefushwa kwa sentimita 30 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili wapate nafasi ya viti viwili zaidi. Wapenzi wa magari ya zamani huona urefu huo kuwa kasoro kwa sababu umeharibu umbo na kuongeza uzito. Ndiyo maana lenye viti vinne huuzwa kwa bei ya chini kuliko lenye viti viwili.

Kwa mzee huyo, kasoro hiyo ilikuwa neema. Binti yao anaishi nao pamoja na mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Katika gari jekundu, babu angebeba mtu mmoja tu. Katika hili jingine, bibi angekaa mbele na mjukuu nyuma. Kisha angelitengeneza mwenyewe pale uani, polepole, kwa mikono yake. Hesabu ilionekana imekamilika.

Tena hakuwa na muda mrefu wa kuwaza. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo magari ya aina hiyo yaliyomo nchini ni yale yale ya tangu zamani, na ni machache. Mwenye gari jekundu alishasema kuna mnunuzi mwingine.

Kabla ya kulipa, mkewe alimwomba jambo moja: aende na fundi.

Fundi alikuja na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliipitisha polepole kwenye ubavu wa gari la mparachichi. Mahali penye bati, sumaku ilishika. Nyuma ya milango yote miwili ilianguka mkononi mwake. Hapo kutu ilikwisha kula bati, na mtu akaziba tundu kwa fila na kupaka rangi juu. Akainua zulia, akakuta sakafu imetoboka upande wa dereva. Akachungulia chini ya betri, akatikisa kichwa. Mwisho alibonyeza mpira wa mlango wa nyuma, ukakatika vipande.

"Huu mpira usiudharau, Mzee," akasema. "Magari haya yanajulikana kwa kuvuta moshi wa injini ndani kupitia hapa. Na mtoto unayetaka kumpakia ndiye atakayekaa karibu nao."

Nyuma hakukuwa na mikanda pia.

Jioni ile binti yao, ambaye ni muuguzi, alisikiliza habari yote akiwa anamlisha mwanawe. Aliuliza swali moja: hiyo rangi ya zamani itapigwa msasa wapi?

"Hapo uani," babake akasema.

"Anapochezea huyu?"

Akamweleza babake kwa upole, kama anavyozungumza na wagonjwa wake. Rangi za magari ya miaka ile mara nyingi zilikuwa na risasi, ile madini, na msasa huigeuza vumbi laini lisiloonekana. Vumbi hilo hutua kwenye udongo, kwenye midoli na kwenye vidole, na mtoto wa miaka minne hutia vidole mdomoni siku nzima. Risasi ikimezwa, mwili wa mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima. Huathiri ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Akamkumbusha wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kesi yao iliyochukua miaka. Akaongeza kwamba breki za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, kwa hivyo zisipulizwe wala kusuguliwa zikiwa kavu.

"Basi nitamfungia ndani," mzee akasema.

"Na nguo zako, Baba? Vumbi huingia ndani na nguo. Utamfungia wewe au yeye?"

Mzee akanyamaza, akaondoka mezani bila kumaliza chai.

Usiku mkewe alichukua daftari la matumizi ya nyumbani. Chini ya gari la bei nafuu aliandika yote aliyotaja fundi: bati la sakafu na kuchomelea, mpira wa mlango wa nyuma, breki mpya, mikanda minne, matairi, kufungua injini, kukodi nafasi katika gereji. Walipojumlisha, theluthi ilikuwa imepanda hadi kukaribia robo tatu ya bei ya gari jekundu.

"Sasa umeona," akasema mumewe. "Afadhali nichukue jekundu. Limekamilika."

"Limekamilika," mkewe akakubali. "Utalipaki, halafu?"

Hakujibu.

"Baba Watoto, tangu ulipostaafu unaamka saa kumi na moja, unavaa viatu, unakaa sebuleni. Mimi nakuona. Nataka kujua kama unanunua gari au unanunua mahali pa kwenda asubuhi."

Ilimchukua muda kusema. Kisha akamwambia kwamba siku ya tatu ya kustaafu alikwenda hadi kituo cha basi, akakaa pale kama nusu saa, akarudi. Hakumwambia mtu. Alisema akiona lile gari jekundu anamwona yule mtoto wa 1973, lakini akiona lile lenye kutu anaona Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya watu wanaopanga. Gari jekundu lingechukua fedha zote kwa siku moja, na dharura ya hospitali ingewakuta mikono mitupu. Hili lingechukua fedha kidogo kidogo, na kazi ingeweza kusimama mwezi wowote wakizidiwa. Mkewe alitoa masharti matatu. Kwanza, fedha za dawa na za dharura zitengwe kabla ya shilingi moja kwenda kwa gari. Pili, gari lisiingie uani mpaka rangi yote ya zamani imekwisha kuondolewa kwingine. Tatu, mjukuu asipande, hata kwa picha, mpaka mpira wa nyuma umebadilishwa na kiti chake cha mtoto kimefungwa kwa mkanda uliokaguliwa.

Mzee alitia sahihi chini ya ukurasa, kwa utani, lakini alitia.

Gari jekundu liliuzwa wiki hiyo hiyo. Alipopewa habari alikaa kimya kidogo, kisha akauliza bei ya bati.

Sasa ni mwezi wa tano. Gari limo katika gereji ya yule fundi, upande wa nyuma. Rangi iliondolewa kwa msasa wa maji, kwa kuwa vumbi lililoloa haliruki, na waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walivaa barakoa za kuchuja vumbi. Mzee ana ovaroli mbili zinazobaki huko huko. Fundi humwita "Mzee wa Zed" na amemfundisha kuchomelea, ingawa mishono yake bado imepinda. Shinikizo la damu la mkewe linapimwa kila mwezi kama kawaida, na fedha za dawa hazijaguswa.

Ijumaa jioni mjukuu husikia lango, akakimbia nje akiwa peku.

"Simama hapo hapo, Babu hajaoga!" mzee hupaza sauti, akipitia upande wa bomba la nje.

Mtoto husimama kwenye ngazi, mikono nyuma, akingoja. Amezoea.

"Limenguruma?" huuliza.

"Bado."

"Kesho?"

"Kesho tunatia sakafu," babu hujibu huku akisugua kucha kwa brashi, moja baada ya nyingine.