Bahari ya Likoni Haitozi Kiingilio

Kila siku twavuka Likoni kwa feri, na wengi wetu hatujui kuogelea. Hatujaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama karibu na nchi kavu, wakafariki watu 272.

Husemwa kwamba mafunzo ni ghali. Lakini ufuo wa Shelly u wazi kwa kila mtu. Tuingie maji yaanzapo kujaa, si siku za bamvua, wala kamwe si penye mkondo wa feri. Maji yasipite kiuno, na ajuaye kuogelea awe kando yetu. Kwanza tuzoee kutia uso majini na kutoa pumzi. Kisha tulale chali, tumeshika dumu tupu lililofungwa barabara, hadi mwili ukubali kuelea.

Watu wazima huona haya kuanza. Philip Boit wa Eldoret hakuwa ameiona theluji hadi mwaka 1996, alipokwenda Ufini kujifunza kuteleza juu yake. Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, akamaliza wa mwisho, naye bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja amkumbatie. Sisi bahari tumezaliwa nayo. Bamvua hii ikipita, tuanze, wazazi pamoja na watoto.